Mafua ya Siku ya Wageni

Ndugu zangu wa Kyzyl-Chap, na nyinyi wa vijiji vya jirani mnaopenda kusema kwamba mambo yetu hayawahusu, sogeeni karibu. Nitaisema nyumba moja tu, lakini asinyanyuke mtu kwenda zake akidhani anasemwa mwingine. Katika jambo hili sote tulikuwamo, na mimi nimo.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi Machi. Theluji ilikuwa inayeyuka juu ya mabati, jua limeingia hadi katikati ya chumba, na ndani kunanukia maandazi yaliyotoka kukaangwa. Mwalimu Burulay aliketi kwenye zulia la sufu karibu na jiko, mkasi mkononi, kopo la gundi pembeni. Mama mkwe wake, Bibi Kanym, alikuwa anachambua manyoya ya kondoo taratibu. Na Sezim, binti pekee wa Burulay, msichana wa miaka tisa, alijikunyata kando ya meza akimtazama mama yake anavyokata na kubandika. Mume wa Burulay alikuwa Urusi mwaka wa nne huo, akijenga majumba ya watu. Nyumba ilikuwa ya wanawake watatu tu, na kwa kuitazama ungesema imejaa amani.

Sezim akanyoosha kidole kimoja, kidole kimoja tu, akagusa bawa la ndege aliyechorwa kwenye kadi.

"Toa mkono!" Burulay akang'aka. "Una mafuta ya maandazi! Mara ngapi nimekuambia hivi si vya kuchezea?"

Mtoto hakutoa mkono. Akamsogelea mama yake na kumkodolea macho mdomoni.

"Na usinikodolee macho hivyo! Mtoto gani huyu asiyejua haya?" Burulay akampiga kofi mkononi. Sezim akaenda kukaa nyuma ya bibi yake. Bibi Kanym akaacha manyoya yake, akampapasa mtoto kichwani.

Sasa niwaambie kuhusu zile kadi, maana bila kadi hamtaelewa msiba. Burulay alikuwa na mikono ya ufundi, jamani. Sisemi kwa kutia chumvi. Alikuwa ametengeneza kadi za herufi zote thelathini na sita, kila herufi kadi mbili. Juu herufi, chini mnyama au ndege, na kando yake ameichora midomo ya mtu, jinsi inavyofunguka na kufumba herufi hiyo inapotamkwa. Alikuwa na saa ya mbao yenye mishale inayozunguka, na matofaa ya sufu ya kubandika na kubandua ubaoni kwa kujumlisha na kutoa. Alikuwa na ramani ya mto wetu aliyoishona kwa uzi wa buluu, mlima kwa mlima. Walimu wa wilaya nzima walikuja kupiga picha.

Na vyote hivyo vilikaa ndani ya kabati la nyumbani kwake, kabati lina kufuli, na ufunguo umetundikwa msumarini juu ya mlango. Vilitoka wakati gani? Vilitoka siku ya somo la wazi, wageni wa wilaya wanapokuja kukaa nyuma ya darasa na madaftari yao, wamwangalie mwalimu anavyofundisha na kumpa alama. Siku hiyo darasa la Burulay lilikuwa bustani. Wageni wakiondoka, kila kitu kilifutwa vumbi, kikafungwa kwenye karatasi laini, kikarudi kabatini.

Siku nyingine zote ilikuwa chaki na sauti yake. "Ukurasa wa arobaini. Soma. Rudia. Rudia tena. Kaa." Alifundisha akiandika ubaoni, mgongo kwa watoto, maneno yakienda kwenye ubao kabla hayajafika kwa mtu. Watoto thelathini na mmoja. Walioshika, walishika. Wasioshika waliwekwa nyuma, karibu na makoti. Na Sezim aliwekwa nyuma kabisa ili mtu asije akasema mwalimu anampendelea mwanawe.

Sezim alikuwa darasa la tatu na hajui kusoma hata mstari. Akiulizwa hajibu, au anajibu kitu kingine kabisa, darasa likacheka. Akiitwa hageuki. Nyumbani Burulay alimkalisha kila jioni na kitabu, akimsomea kwa ukali, kichwa kimeinamia ukurasa, na mtoto akirudia sauti zisizo na mbele wala nyuma. "Mkaidi huyu," alikuwa akisema. "Akitaka anaweza. Hataki tu."

Lakini moyoni aliogopa, na ninyi mnajua alichokiogopa. Mtoto anayemaliza darasa la tatu bila kusoma hupelekwa mbele ya tume ya wilaya, na tume ikiona hana akili timamu, anapelekwa bweni la mjini, lile ambalo sisi kwa midomo yetu michafu tunaliita shule ya wapumbavu. Binti wa mwalimu bora wa wilaya, shule ya wapumbavu! Mwezi Machi ulikuwa umefika, na Mei ndiyo mwisho wa mwaka.

Jioni moja alirudi kutoka mkutanoni akamkuta Bibi Kanym na Sezim wamekaa dirishani, katikati yao kumemwagwa vile vifupa vya vifundo vya kondoo ambavyo watoto wetu huchezea. Vimepangwa safu nne, kila safu vifupa saba.

"Mama, uchafu gani huu?"

"Si uchafu. Muulize mwanao saba mara nne."

Burulay alikuwa ameugeukia msumari, anatundika koti lake. "Sezim, saba mara nne?"

Sezim akaendelea kuchezea vifupa.

"Haya, umeona mwenyewe?"

"Umemuuliza ukiwa umempa mgongo," akasema Bibi Kanym. Akamgusa mtoto begani, akamtazama usoni, akaonyesha vifupa na kuinua nyusi. Sezim akatazama, midomo ikacheza, akasema kwa sauti yake nzito ya puani: "Ishirini na nane."

"Amehesabu vifupa, Mama. Hata mbuzi ukimfundisha atahesabu vifupa."

"Basi mfundishe kama mbuzi, mwanangu, ilimradi ajue! Mtoto huyu anaelewa kwa macho na mikono. Mimi sijasoma, lakini nimelea saba. Una kabati zima la vitu vya macho na mikono. Lifungue."

"Navitunza kwa ajili ya somo la wazi. Wakivigusa hawa vitaisha kwa wiki. Nitawaonyesha nini wageni? Vifupa?"

Bibi Kanym akakusanya vifupa kwenye aproni yake. "Sawa, mwalimu," akasema. Alipomwita mwalimu ndani ya nyumba, ujue amekasirika.

Wiki iliyofuata Mkuu wa shule, Bwana Turdubay, alimwita Burulay ofisini. Alikuwa amevaa tai, na Turdubay havai tai bure.

"Jumatano ijayo wanakuja watu wanne kutoka wilayani. Ukishika nafasi ya kwanza unakwenda mkoani, na shule yetu inatajwa. Umejiandaa?"

"Nimejiandaa, Mkuu. Kila mtoto ana jibu lake. Tumefanya mazoezi mara sita."

"Na wale wa nyuma?"

"Kama kawaida."

"Kama kawaida," Turdubay akaafiki. Kisha akachezea kalamu, akaitazama meza. "Na wako?"

Burulay akatazama dirishani. Turdubay akajikohoza. "Mimi sisemi kitu, Mwalimu. Mama ndiye anayejua hali ya mwanawe. Mafua mwezi huu ni mengi."

Msijifanye hamnazo. Sote tunayajua mafua hayo. Siku moja kabla ya somo la wazi, barua ndogo huenda kwa wazazi wa watoto wazito: mwanao anaonekana ana mafua, afadhali apumzike kesho. Na sisi wazazi tunaipokea kwa adabu, tunamfunika mtoto blanketi akiwa mzima wa afya, kwa sababu heshima ya kijiji ni heshima yetu. Mwaka ule zilikwenda barua tano. Samat mchunga farasi alipokea yake shambani, mkononi mwa Burulay mwenyewe, akaisoma, akacheka hadi kofia ikadondoka.

"Mwalimu," akasema, "huyu wangu mwaka jana kaugua mafua mara tatu. Safari hii mpe japo surua, majirani wasituchoke."

Tulicheka sana. Mimi nilikuwepo, nikacheka kuliko Samat.

Barua ya sita haikuandikwa, maana ilikuwa ya nyumbani.

Jumatano asubuhi Sezim aliamka mapema kuliko wote. Alijisuka mwenyewe nywele, akafunga riboni mbili nyeupe kubwa, zile za sikukuu, moja imekaa upande. Akavaa gauni la shule na soksi nyeupe. Burulay alipotoka chumbani amebeba masanduku yake ya zana, alimkuta binti yake amesimama mlangoni, mkoba mgongoni, anatabasamu.

Burulay akaweka masanduku chini. Alichuchumaa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alimtazama mwanawe uso kwa uso. "Leo huendi, Sezim. Una mafua."

Mtoto alimtazama mdomoni. "Sina mafua."

"Unayo. Kaa na bibi."

"Sina mafua, Mama. Najua. Najua zote." Akaanza kuonyesha kitu kwa vidole, haraka haraka, akifungua midomo na kuifumba.

"Unajua nini wewe? Niachie nikafanye kazi!" Burulay akamvua mkoba, akambana begani, akamwingiza ndani. Alipotoka hakugeuka. Baadaye alisema kwamba njia nzima hadi shuleni alikuwa anaiona ile riboni iliyokaa upande, na alitamani arudi kuinyoosha.

Hakurudi. Angalirudi, nisingalikuwa na hadithi.

Na sasa jambo ambalo Burulay hakulijua. Kila alipokwenda kwenye mikutano yake, Bibi Kanym alipanda kigoda, akatoa ufunguo msumarini, akafungua kabati. Alimnawisha mtoto mikono kwa sabuni, akamkalisha zuliani, akampa kadi na kioo cha mkononi. Mwenyewe hajui kusoma herufi hata moja. Alikaa tu akilinda mlango. Na Sezim alitazama midomo iliyochorwa, akatazama midomo yake kiooni, akabandika, akabandua, akapanga. Wiki sita alifanya hivyo, tangu kabla ya ile jioni ya vifupa. Jumatano ile alikuwa anakwenda kumpa mama yake zawadi.

Darasani mambo yalikwenda vizuri ajabu. Matofaa yalipanda ubaoni na kushuka, mishale ya saa ilizunguka, Begimay binti wa daktari wa mifugo alijibu kila kitu kabla swali halijaisha. Wageni wanne walikuwa wanaandika wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye miwani aitwaye Bi Rakiya, alimnong'oneza mwenzake, "Mikono ya dhahabu hii." Burulay alisikia, moyo ukamchanua.

Mlango ukafunguliwa.

Sezim alisimama pale, soksi zimelowa tope hadi magotini, riboni moja haipo. Alikuwa amemponyoka bibi yake na kukimbia kijiji kizima. Hakuwatazama wageni. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa kadi, akachomoa moja, ya pili, ya tatu, ya nne, mikono ya matope juu ya kadi nyeupe. Akazipanga kwenye ukanda wa kupangia maneno mbele ya darasa, akazinyoosha, akarudi nyuma hatua moja. Akamgeukia mama yake.

Alikuwa ameandika MAMA.

Ndugu zangu, palikuwa na nafasi pale. Ilikuwa nafasi ndogo, ya kuvuta pumzi mara moja. Mtoto aliyeambiwa hana akili amesimama mbele ya watu wazima na ameandika neno lake la kwanza. Mwalimu yeyote angepiga magoti, na mama yeyote pia. Na Burulay alikuwa vyote viwili.

"Nani huyu?" akauliza mgeni mmoja. "Ni wa darasa hili?"

Burulay aliona matope kwenye kadi. Aliona kalamu nne zimeinuliwa. Akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, wazi kabisa, kila silabi imekaa mahali pake kama anavyowafundisha watoto: "Samahani, waheshimiwa. Si wangu. Ni mtoto wa jirani, ana matatizo ya akili."

Alilisema akiwa amewageukia wageni, lakini Sezim alikuwa amesimama kati yake na wao, kichwa kimeinuliwa, macho kwenye midomo ya mama yake.

Watoto ishirini na watano waliomjua Sezim hawakusema kitu. Tulikuwa tumewafundisha vizuri. Turdubay akaja mbio, akamshika Sezim mkono, akamtoa nje. Sezim hakulia wala hakuvuta mkono. Burulay akazifuta kadi kwa leso, akacheka kidogo, akaendelea na saa ya mbao. Nafasi ya kwanza ilikuwa yake.

Jioni alirudi na cheti na shada la maua ya plastiki. Sezim alikuwa amelala ameukabili ukuta. Burulay akaenda akamgusa, mtoto akageuka, akamtazama kifuani, akamtazama mikononi, kisha akatazama pembeni. Burulay alisema jina lake. Akasema samahani, alisema mara nyingi sana. Sezim hakumtazama mdomoni.

Tangu siku ile hakumtazama mdomoni tena. Alikula akipewa, alifanya kazi akionyeshwa, lakini mama yake akifungua kinywa, yeye aliinamisha uso au akafumba macho. Burulay alidhani ni hasira ya kitoto, itapita. Hakujua bado mlango gani umefungwa.

Mwezi wa Aprili ilikuja barua kutoka wilayani. Bi Rakiya hakuwa mtu wa kusahau. Alikuwa ameandika kwenye daftari lake: katika kijiji cha Kyzyl-Chap yuko msichana wa jirani wa Mwalimu Burulay, mwenye matatizo ya akili, hajafikishwa mbele ya tume, afikishwe. Turdubay alimpa Burulay barua ile bila kumtazama. Uongo ulikuwa umepanda basi, umekwenda mjini, umerudi na mhuri.

Walikwenda watatu, Burulay, Sezim na Bibi Kanym. Nyuma ya meza ndefu waliketi walimu wawili, daktari mmoja kijana, na Bi Rakiya na miwani yake. Bi Rakiya alimtazama mtoto, akamtazama Burulay.

"Mwalimu. Umemsindikiza mtoto wa jirani?"

"Ni wangu," akasema Burulay. Akasema tena: "Ni mwanangu mimi."

Bi Rakiya alivua miwani, akaiweka mezani.

Yule daktari hakuuliza maswali ya hesabu. Alisimama nyuma ya Sezim akapiga makofi. Mtoto hakustuka. Akadondosha trei ya chuma sakafuni, kila mtu akaruka ila mtoto. Akachukua taa ndogo, akachungulia sikio la kulia, la kushoto, la kulia tena. Uso wake ukabadilika.

"Masikio haya yalikuwa yanatoka usaha lini?"

"Alipokuwa na miaka minne, mitano," akasema Bibi Kanym. "Kila kipupwe. Nilikuwa namtilia mafuta ya mkia wa kondoo, ya moto."

"Na baadaye?"

"Yalinyamaza."

"Hayakunyamaza, bibi. Yalikula ndani kwa ndani." Akamgeukia Burulay. "Mtoto huyu hana upungufu wowote wa akili. Hasikii. La kushoto limekufa kabisa, la kulia limebaki kidogo sana. Miaka yote hii amekuwa anawasoma midomo. Kwa kweli ana akili nyingi, kusoma midomo bila kufundishwa si mchezo. Angeletwa miaka mitatu iliyopita tungeokoa mengi. Shuleni hakuna aliyegundua? Mwalimu wake ni nani?"

Burulay akamkumbuka mtoto amemkodolea macho mdomoni na kofi alilompiga. Akakumbuka kila swali alilouliza akiwa ameugeukia ubao. Alikuwa ametengeneza midomo thelathini na sita kwa mkono wake, mizuri kupita yote wilayani, na mtoto mmoja tu duniani aliyeihitaji kama mkate alikuwa analala chumba cha pili, nje ya kufuli.

Na lile neno, "si wangu", mtoto alilisoma. Hakulisikia, alilisoma, na mwalimu wake wa kusoma alikuwa mama yake mwenyewe.

Njiani kurudi Burulay alilia hadi dereva akasimamisha gari. Bibi Kanym hakumbembeleza. "Mimi nilimtia mafuta," akasema, "wewe ulitia kufuli. Tulie sote wawili, lakini tulie polepole, mtoto anatutazama."

Mwezi wa Septemba Sezim alipelekwa shule ya viziwi ya mji mkuu, safari ya siku nzima kwa gari. Burulay alikataa kwenda mkoani kushindana. Alilifungua kabati, akazipeleka zana zote darasani, akaziacha mezani ziguswe. Nusu zilikuwa zimechanika kufikia Oktoba, na watoto watatu kati ya wale watano wa mafua walikuwa wanasoma. Mwana wa Samat alikuwa mmojawao. Ni jambo jema, na nimelisema ili haki itendeke. Lakini halikumrudisha mtu.

Novemba alikwenda kumtembelea binti yake. Alimkuta kwenye ukumbi wa chakula amezungukwa na wenzake, mikono inaruka hewani, wanaongea kwa vidole, wanacheka hadi machozi. Burulay hakuwahi kumwona mwanawe akicheka hivyo. Alisimama pale, mwalimu aliyefundisha miaka kumi na minne, asielewe neno.

Mwalimu wa shule ile, msichana mdogo aitwaye Nazik, akawaita mezani. Sezim alimwona mama yake. Alikuja, akainamisha kichwa kwa adabu kama anavyosalimiwa mgeni, akaketi.

"Mwambie nimejifunza kidogo," Burulay akamwambia Nazik. Akainua mikono yake ya dhahabu, akaonyesha ishara tatu alizojifunza kutoka kwenye kitabu: mimi, samahani, nyumbani. Aliziweka vibaya. Sezim aliitazama mikono ile muda mrefu, kisha akajibu kwa ishara chache, taratibu, kwa Nazik.

"Anasema nini?"

Nazik akasita. "Anauliza, bibi hajambo?"

"Hajambo. Mwambie anamngoja likizo. Mwambie tunamngoja sote."

Nazik akaeleza. Sezim alivuta birika, akachukua kibakuli, akamimina chai kwa ajili ya mama yake. Burulay alikuwa anautazama mkono ule mdogo, na moyo wake unahesabu. Kwetu mtoto wa miaka mitano anajua: umpendaye unammiminia nusu kibakuli, ili amalize upesi, ummiminie tena, na tena, akae. Anayejaziwa hadi ukingoni ameambiwa anywe aende zake. Bibi Kanym alimfundisha Sezim jambo hilo kabla hajafundishwa kushika kalamu.

Chai ilifika nusu. Sezim hakuinua birika. Iliendelea kupanda, ikafika ukingoni, ikasimama pale imejaa pomoni. Akakisukuma kibakuli kwa mikono miwili, kwa adabu zote, bila kumwaga tone.

Burulay alikinywa chote. Kilimuunguza koo, akakinywa chote, kisha akainuka, akachukua koti lake.

FUNZO

Walimu, fungueni makabati. Zana ya kufundishia si sahani ya wageni. Ikichanika mikononi mwa mtoto, imefanya kazi yake. Ikibaki mpya kabatini, imeiba. Na asiye na kabati asijitetee kwa hilo. Vifupa, maharage, vifuniko vya chupa, kamba, udongo wa uani, vyote vinafundisha hesabu, vyote vinafundisha jiografia na hata lugha, mradi viguswe na anayejifunza na si mwalimu peke yake. Geuza uso wako kwa watoto unapozungumza. Mtoto asipoelewa kwa masikio, jaribu macho. Yakishindikana macho, jaribu mikono, na kabla hujamwita mkaidi mpeleke kwa daktari akachunguzwe. Neno mkaidi ni jepesi kulitamka, ndiyo maana tunalipenda.

Nasi wazazi tuache mafua ya uongo. Somo zuri linaloonyeshwa baada ya watoto wazito kufichwa nyumbani si somo, ni mchezo wa kuigiza, na tuliokaa kimya tuliucheza. Siku wageni watakapokuja tena Kyzyl-Chap, mtoto wa nyuma kabisa awe wa kwanza kuvuka kizingiti, na matope yake. Mimi niliyecheka na Samat ile siku ya barua ndiye ninayewaomba.